Tathmini ya mtoto anayetatizika kujifunza: zile alama zinasema nini hasa?

Mtoto anaongea vizuri, anauliza maswali yanayowashangaza watu wazima, na hadithi aliyosimuliwa wiki mbili zilizopita anaikumbuka mpaka majina ya wahusika. Mpe ukurasa asome, anakwama mstari wa kwanza. Nyumbani wanasema ni mvivu. Shuleni wanasema hajitumi, au wananong'ona kwamba akili yake ni nzito. Mwaka unapita, wa pili unapita, na mtoto mwenyewe anaanza kuyaamini yale anayosemwa.

Tathmini ya kisaikolojia na kielimu ipo ili watu waache kubahatisha. Mwanasaikolojia aliyesomea kazi hiyo humpa mtoto majaribio maalumu akiwa peke yake, huzungumza naye, huwahoji wazazi na walimu, hupitia madaftari yake, kisha hujibu swali hili: kwa nini mtoto huyu anashindwa hiki, na afanyiwe nini? Nusu ya pili ya swali ndiyo husahauliwa. Wazazi wengi hukabidhiwa ripoti nene, hufungua moja kwa moja ukurasa wenye alama ya jumla ya akili, na huishia hapo. Mimi naamini ukurasa huo ndio wenye manufaa madogo kuliko yote, na makala haya yataeleza kwa nini.

Kipimo cha kwanza kilianza na swali la shule

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda kamisheni ya kuwashughulikia watoto ambao hawakuwa wakifaidika na masomo ya kawaida. Hadi wakati huo, kumwondoa mtoto darasani kulitegemea sana maoni ya mwalimu, na mtoto msumbufu aliweza kuhesabiwa kuwa hana akili. Alfred Binet na daktari kijana Théodore Simon wakatoa, mwaka 1905, kipimo cha maswali 30 yaliyopangwa kuanzia mepesi hadi magumu. Lengo lilikuwa kumjua mtoto anayehitaji msaada, si kuwapanga watoto kwa thamani. Binet alikataa katakata wazo kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichokwisha kukadiriwa kisichoweza kuongezeka, na mwaka 1909 aliandika wazi kulipinga.

Alifariki mwaka 1911, na kazi yake ikaenda njia nyingine. Mwaka 1912 Mjerumani William Stern alipendekeza umri wa akili, yaani umri wa watoto ambao kwa kawaida hujibu kama anavyojibu yeye, ugawanywe kwa umri halisi wa mtoto. Mwaka 1916 Lewis Terman, katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, akatoa toleo lake la kipimo cha Binet ambalo jibu la mgawanyo huo lilizidishwa kwa 100. Hivyo ikazaliwa ile namba moja ambayo watu wanaitazama mpaka leo kana kwamba ni urefu au uzito.

Vipimo vya sasa havigawanyi tena umri kwa umri. David Wechsler, ambaye kipimo chake cha watu wazima kilitoka mwaka 1939 na cha watoto mwaka 1949, alimlinganisha mtu na wenzake wa umri wake, na akagawa uwezo katika sehemu mbalimbali ili kila moja ionekane peke yake. Vipimo vingi vinavyotumika duniani leo vimefuata njia hiyo.

Chumbani kunafanyika nini

Kabla ya jaribio lolote, macho na masikio yapimwe. Ni jambo dogo, lakini kumpima kusoma mtoto asiyeona vizuri ubaoni au asiyesikia sauti nyembamba ni kupoteza siku yake na kumpa jina la tatizo asilonalo.

Linafuata simulizi la maisha yake: alizaliwaje, alianza kuongea lini, amewahi kuumia kichwa au kupata degedege, amehamahama shule mara ngapi, alikosa masomo kwa muda gani, lugha gani huzungumzwa nyumbani. Huulizwa pia kama baba, mama, shangazi au mjomba alisumbuka kusoma, kwa sababu matatizo haya hurithiwa katika familia mara nyingi. Mchunguzi makini hutaka kujua vilevile kama mtoto amefundishwa kusoma ipasavyo. Ambaye hajafundishwa hana ugonjwa wa kutojua, anahitaji mwalimu.

Majaribio yenyewe huchukua saa kadhaa, na mara nyingi hugawanywa katika siku mbili au zaidi ili mtoto asichoke. Mengine hayafanani kabisa na mtihani. Mtoto hupewa vijiti au vipande vya rangi na kuambiwa aunde umbo alilooneshwa. Huulizwa vitu viwili vinafanana kwa lipi. Husomewa tarakimu, 5, 8, 2, azirudie. Kisha nyingine, 4, 9, 1, 7, azitaje kwa kurudi nyuma. Kuzirudia zilivyo kunapima kushika ulichosikia. Kuzigeuza kunapima kushika huku ukifanyia kazi, na uwezo huo ndio mtoto anautumia anapopiga hesabu ya kichwa, au anaposikiliza maagizo matatu ya mwalimu na kuyatekeleza kwa mpangilio.

Halafu huja majaribio ya masomo: kusoma maneno yaliyo pekepeke, kusoma aya na kueleza maana, kutahajia, kuandika sentensi, kupiga hesabu kwa muda maalumu na bila muda. Mojawapo huwashangaza wazazi: mtoto huombwa asome maneno yasiyokuwepo, tuseme «bamuto» au «shekwili». Kuna sababu nzuri. Mtoto mwerevu anaweza kukariri sura za maneno mamia, akaonekana msomaji mpaka darasa la tatu au la nne, ingawa hajui kuunganisha herufi na sauti. Neno asilowahi kuliona haliwezi kukaririwa. Akikwama hapo, imejulikana kwamba tatizo liko kwenye msingi wenyewe wa kusoma.

Muda wote huo mchunguzi anaandika mambo ambayo alama hazitayaonesha. Mtoto alikisia haraka ili amalize? Alifuta jibu sahihi akaweka la makosa? Alikuwa akizunguka kitini tangu mwanzo, au alianza kuzunguka kitabu kilipofunguliwa? Watoto wawili wanaweza kupata alama ileile, mmoja kwa kuwa hajui na mwingine kwa kuwa anaogopa kukosea, na msaada wanaouhitaji haufanani.

Umakini, hofu na tabia hupimwa kwa hojaji wanazojaza wazazi na walimu, na kijana mwenyewe akiwa mkubwa kiasi. Tatizo la umakini na utukutu halithibitishwi na jaribio moja la mezani. Dalili zake zinapaswa kuonekana katika mazingira zaidi ya moja, na kabla ya umri wa miaka 12. Kama mtoto anashindwa kutulia shuleni tu, swali la kwanza liwe: shuleni kuna nini?

Kusoma alama bila kupotea

Alama nyingi kwenye ripoti zimepangwa wastani uwe 100, na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, uwe 15. Maana yake ni kwamba kati ya watoto 100 wa umri mmoja, takriban 68 wataangukia kati ya 85 na 115, na takriban 95 kati ya 70 na 130. Vijaribio vidogovidogo huwa na kipimo kingine, wastani wa 10 na mchepuko wa 3, kwa hiyo mzazi akiona «8» asishtuke. Ni kawaida kabisa.

Linalotisha watu zaidi ni pasentaili. Ripoti inasema mtoto yuko pasentaili ya 25, na mzazi anasikia kwamba amepata asilimia 25 ya mtihani, yaani amefeli vibaya. Sivyo. Pasentaili ya 25 inasema kwamba amefanya vizuri kuliko watoto 25 kati ya 100 wa umri wake. Ukiigeuza kuwa alama, ni 90, ambayo iko ndani ya kawaida. Pasentaili ya 16 ni alama 85. Pasentaili ya 2 ni alama 70, na hapo ndipo wasiwasi una msingi.

Kila alama ina pande mbili za shaka pia. Mtoto aliyepata 92 leo angeweza kupata 89 au 95 wiki ijayo bila chochote kubadilika kichwani mwake. Ripoti nzuri huandika masafa, mathalani kati ya 87 na 98, na humwambia msomaji asishikilie namba moja. Kumnyima mtoto huduma kwa sababu amepata 71 badala ya 70 ni kutokujua kipimo kinavyofanya kazi. Ulemavu wa akili wenyewe hauamuliwi kwa alama pekee: lazima ionekane pia kwamba mtoto anashindwa mambo ya kila siku yanayolingana na umri wake, kama kujihudumia, kuwasiliana na kujilinda.

Sasa tumchukue msichana wa kufikirika wa miaka 9. Lugha amepata 114, kufikiri kimantiki 108, kuelewa maumbo 105. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ni 84, na kasi ya kazi za haraka za kuona na kuandika ni 80. Ukizichanganya zote, jumla inakuja karibu na 98. Namba hiyo ni ya wastani mtupu, na haimwelezi kabisa. Inaficha kwamba anafikiri na kuongea vizuri kuliko wenzake wengi, na inaficha kwamba anazidiwa mara tu anapotakiwa kushika mambo kichwani au kunakili haraka.

Tazama na masomo. Kusoma maneno 79. Maneno yasiyokuwepo 75. Kutahajia 77. Kuelewa aya anayoisoma mwenyewe 88, lakini kuelewa aya anayosomewa 112. Hesabu 94. Tofauti ya 88 na 112 ndiyo kiini cha ripoti nzima. Maana anaipata, msamiati anao. Kinachomzuia ni kuyatoa maneno kwenye karatasi. Picha hii inalingana na disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kutahajia maneno, na inaelekeza cha kufanya. Afundishwe upya uhusiano wa herufi na sauti, hatua kwa hatua, kwa vipindi vifupi vya mara kwa mara, na mwalimu anayemsikiliza akisoma kwa sauti. Wakati huohuo, kwenye sayansi na historia asomewe au asikilizishwe matini, ili asiachwe nyuma katika mambo anayoyaweza kwa sababu ya lile asiloliweza. Asinakilishwe ubao mzima. Apewe muda wa ziada. Makosa ya tahajia yasimpunguzie alama pale linapopimwa ni wazo.

Kama ripoti ingeandika «98, wastani» na kuishia hapo, msichana huyu angerudi darasani kuitwa mvivu.

Mzozo wa pengo

Samuel Kirk ndiye aliyelieneza jina la ulemavu wa kujifunza, katika mkutano wa wazazi mjini Chicago mwaka 1963. Marekani ilipotunga sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu mwaka 1975, ilihitaji kanuni ya kuamua nani anahesabika. Kanuni za mwaka 1977 zikaweka kigezo cha pengo kubwa: akili iwe juu, masomo yawe chini. Kwa miongo mingi hicho ndicho kilikuwa kipimo, na nchi nyingine ziliiga.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Mtoto wa miaka 6 au 7 hajafikia umri wa kuwa na pengo kubwa, hivyo aliambiwa asubiri. Alisubiri mpaka ashindwe vya kutosha, na wakati huo miaka ambayo kufundishika kusoma ni rahisi zaidi ilikuwa imekwisha kumpita. Mwingine, mwenye alama ya akili iliyo chini kidogo ya wastani, hakupata kitu kwa sababu kushindwa kwake «kulitarajiwa». Tafiti zilionesha kwamba wasomaji dhaifu wenye pengo na wasio na pengo wana udhaifu uleule wa sauti za maneno, na wote hufaidika na ufundishaji uleule. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 ikakataza majimbo kulazimisha kigezo hicho.

Mwongozo wa uchunguzi wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani wa mwaka 2013 uliliondoa pengo. Badala yake unataka ugumu uwe umedumu angalau miezi 6 licha ya mtoto kupewa msaada uliolenga tatizo lake, na unakadiria kwamba matatizo mahususi ya kusoma, kuandika na hesabu yanawapata kati ya asilimia 5 na 15 ya watoto wa umri wa shule, katika lugha na tamaduni tofauti. Uainishaji wa 11 wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika Januari 2022, nao unayatambua.

Angalia maneno «licha ya kupewa msaada». Msaada unatangulia jina. Mzazi anayengojea miadi ya mwanasaikolojia kwa miezi asikubali mtoto akae bure mpaka karatasi itoke. Mafunzo ya kusoma hayamdhuru mtoto ambaye baadaye itaonekana hana disleksia.

Mtoto anapopimwa kwa lugha isiyo yake

Hapa pananigusa zaidi, kwa sababu dhuluma iliyofanyika kwa jina la vipimo ilipitia mlango huu. Huko California, watoto waliozungumza Kihispania nyumbani walipimwa kwa Kiingereza, wakapata alama za chini, wakapelekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Wazazi walikwenda mahakamani, na makubaliano ya mwaka 1970 katika shauri linalojulikana kama Diana yakataka watoto wapimwe kwa lugha yao ya kwanza. Mwaka 1979, katika shauri la Larry P., jaji alizuia vipimo vya akili kutumiwa kuwaweka watoto weusi wa California katika madarasa hayo.

Kipimo hulinganisha mtoto na kundi la watoto waliopimwa kabla yake. Kama watoto wale walikulia katika lugha nyingine, shule nyingine na maisha mengine, alama inabaki kuwa hesabu sahihi yenye maana yenye shaka. Kutafsiri maswali hakutoshi: neno jepesi katika lugha moja linaweza kuwa gumu katika nyingine, na hapo ugumu uliopimwa umebadilika. Hata kundi sahihi huzeeka. Katika karne ya 20 alama za vipimo vya akili zilipanda takriban pointi 3 kwa kila mwongo katika nchi nyingi zilizoendelea, kwa hiyo kipimo cha zamani kinampandishia mtoto alama.

Kuna jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili hasa wanapaswa kulijua. Kiingereza kina tahajia yenye vurugu, na mtoto mwenye disleksia hujitokeza kwa kusoma maneno vibaya. Katika lugha ambazo herufi inafuata sauti, mambo hubadilika. Heinz Wimmer aliwachunguza watoto wanaosoma Kijerumani, na mwaka 1993 akaonesha kwamba wenye disleksia walikuwa wakisoma kwa usahihi mkubwa. Kilichowasumbua ni kasi. Kiswahili nacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Basi mtoto anayesoma Kiswahili kwa usahihi lakini silabi kwa silabi, akihema kila neno, anaweza kuwa na tatizo lilelile ambalo katika Kiingereza lingeonekana kwa makosa. Mchunguzi anayehesabu makosa bila kupima muda atamwambia mzazi kwamba mtoto yuko sawa.

Ripoti ikishafika mkononi

Muulize mwanasaikolojia kabla ya kulipa: utajibu swali gani? Kipimo utakachotumia kimelinganishwa na watoto wa wapi? Utakaa nasi kutueleza, au utatuma karatasi tu? Mapendekezo yakisema «apewe msaada zaidi» au «atiwe moyo», yarudishwe. Pendekezo la maana linataja nani atafanya nini, mara ngapi kwa wiki, na maendeleo yatapimwaje. Jihadhari pia na tiba zinazouzwa kama mbadala. Mwaka 2009 vyama vya Marekani vya madaktari wa watoto na wa macho vilitoa tamko la pamoja kwamba hakuna ushahidi unaounga mkono miwani ya rangi au mazoezi ya macho kama tiba ya disleksia.

Kwa vijana, tathmini ina kazi nyingine. Bodi za mitihani na vyuo huhitaji ushahidi wa kitaalamu ndipo vitoe nafuu; Uingereza, kwa mfano, nafuu ya kawaida ni asilimia 25 ya muda wa ziada. Nyingine ni msomaji, kompyuta badala ya kalamu, au chumba cha peke yake. Ushahidi uliotolewa utotoni huenda usikubaliwe, na mara nyingi haufai hata kidogo, kwani kijana wa miaka 17 anahitaji kujua ataandikaje insha ndefu, si jinsi alivyokuwa akitambua silabi.

Na mtoto mwenyewe aelezwe matokeo, kwa lugha ya umri wake, akiwa ameketi na mtu aliyempima. Wa miaka 8 anaweza kuambiwa: «Kichwa chako kinaelewa mambo upesi ukisikia. Kuunganisha herufi kunakuchosha, na sasa tumejua kwa nini, kwa hiyo mwalimu atakufundisha kwa njia nyingine.» Kijana apewe ripoti aisome, aulizwe wapi anakubali na wapi anapinga, na asikilizwe anapopinga. Yeye ndiye atakayeingia kwa mhadhiri au mwajiri siku moja kuomba anachohitaji, na ataweza kukiomba kama anajua kwa hakika ni kipi na kwa nini.